Mashua ya Mirathi na Hesabu ya Dizeli

  

Msomaji wa Lamu au wa Mombasa huenda akastaajabu kuona makala ya injini ya mashua ikitoka Eastlands ya Nairobi, mahali ambapo maji makubwa tuyajuayo ni yale ya Mto Nairobi yapitayo nyuma ya Gikomba, na hayo hayaendeki kwa chombo. Lakini watu wa pwani tumo humu tangu zamani. Wako waliokaa katika kijiji cha Pangani kabla hakijavunjwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, wakahamishiwa Shauri Moyo. Na wako waliokwisha kutangulia Pumwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mtu akihamia mjini hahamishi mashua yake. Chombo hubaki bandarini kwao, na shauri la kukinunulia injini huja kuamuliwa huku, kwa kuwa fedha ziko huku na mafundi wa vyuma wako Kariobangi na Kamukunji.

Shauri ninaloliandika lilinifikia barazani baada ya sala ya Isha. Mtu mmoja wa kisiwa cha Pate alifariki, akaacha mashua ya mbao yenye urefu wa futi 40, injini yake ikiwa imekufa kabla ya mwenyewe. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Alimwacha mjane, mwana mkubwa wa mke wa kwanza anayekaa Umoja, na watoto wawili wadogo wa huyu mjane, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Ukizigawa hisa kwa faradhi, mashua ile ni mafungu 40: mjane 5, mwana mkubwa 14, mdogo wake 14, na binti 7. Kwa hiyo mayatima wale wawili wana mafungu 21. Zaidi ya nusu ya mashua ni yao, na hawajui hata kufunga tanga.

Mwana mkubwa ndiye aliyeachiwa wasia wa kuwasimamia. Alikuwa amekwisha kuiona injini ya lori dogo, nguvu za farasi 100, iliyotolewa katika gari lililokwisha kazi huko Japani, ikiuzwa Kariobangi kwa bei ya kuvutia. Ami yake, ndugu wa marehemu na ndiye nahodha wa chombo, hakuitaka. Yeye alitaka injini ya petroli ya kupachika nyuma, nguvu za farasi 40, ile ambayo vijana wa visiwani wote wanaipenda. Wakanijia wapatanishwe, na swali lao lilikuwa dogo: je, fedha za mayatima zilizowekwa akiba zaweza kutumika kuchangia ununuzi huo?

Nilikuwa tayari kuwajibu kwa fiqhi tupu, na jibu lake si gumu. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi'i humruhusu wasii kuitumia mali ya yatima katika lile lenye maslaha yake, na aya za Surat An-Nisaa na Surat Al-Israa kuhusu mali hiyo kila mmoja wetu amezisoma chuoni. Lakini mjane, ambaye alikuwa amekwisha kutoka edani na alikuwa ameketi upande wa akina mama, aliuliza jambo ambalo sisi wanaume watatu hatukuwa tumelitaja. Alisema, "Shekhe, injini atainunua huyu na huyu. Mafuta yatalipwa na nani?"

Swali hilo ndilo lililonitoa barazani na kunipeleka Kariobangi.

Wavuvi wetu wanajua jinsi mgao unavyokwenda. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za safari: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Maana yake ni kwamba bei ya injini hulipwa mara moja na mwenye kuinunua, lakini mafuta hulipwa kila siku na watu wote kabla hawajaona senti. Baharia asiye na hisa hata ukucha katika mashua huilipia injini mbaya kwa jasho lake. Na yatima mwenye fungu katika chombo hulipishwa vivyo hivyo, bila kuulizwa. Kwa hiyo mwenye kuchagua injini kwa ajili ya ushirika hachagui kwa mfuko wake peke yake.

Sasa tuingie katika hesabu, na msomaji anivumilie, maana mimi ni mwalimu wa madrasa wala si fundi. Haya nimeyapata kwa kuwauliza mafundi na kusoma, kisha nikayapima kwa kalamu.

Jambo la kwanza ni kwamba chombo kizito cha mbao kina mwendo wake ambao hakiupiti, hata ukikipa injini ya meli. Kikienda, husukuma maji na kujitengenezea wimbi. Kila kikizidisha mwendo wimbi lile hurefuka, mpaka chombo kikawa kimenaswa kati ya wimbi la omo na wimbi la tezi, kinapanda mlima wa maji kilioufanya chenyewe. Mafundi wana kanuni ya kuujua mwendo huo. Pima kwa futi urefu wa chombo pale kinapokata maji; tafuta kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe huleta urefu huo; kisha zidisha kwa 1.34. Mashua hii ina futi 36 kwenye maji. Kipeuo cha 36 ni 6, na 6 mara 1.34 ni maili 8 za bahari kwa saa. Hapo ndipo mwisho wake. Farasi 100 wa kijana wa Umoja, waliobaki hawataisogeza mbele. Watachimba maji tu na kuitosa tezi.

Jambo la pili ni kwamba nguvu inayotakiwa haipandi sambamba na mwendo. Mashua ile, yenye uzito wa tani 8 hivi ikiwa imepakia, huhitaji nguvu za farasi kama 15 kwenda maili 6 kwa saa. Kwenda maili 7 huhitaji 23 hivi. Kwenda maili 8 huhitaji 35. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, nguvu imezidi maradufu.

Injini ndogo ya dizeli iliyo nzima hutumia, kwa makadirio, moja ya tano ya lita kwa kila nguvu ya farasi moja kwa saa. Tuchukue safari ya kawaida ya nahodha wetu, maili 24 kwenda na 24 kurudi. Akienda kwa maili 6 atachukua saa 8, kila saa lita 3, jumla lita 24. Akienda kwa maili 8 atachukua saa 6, kila saa lita 7, jumla lita 42. Saa mbili alizookoa amezinunua kwa lita 18. Anayeujua mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, anajua pia kwamba saa hizo mbili mara nyingi huishia kutiwa nanga, chombo kikingoja maji yajae.

Nilipomwonyesha nahodha namba hizi alinyamaza kidogo, akasema kwamba yeye hakutaka ile ya lori wala kukimbia. Alitaka ile ya kupachika kwa sababu ya maji madogo. Na hapa lazima nimtendee haki. Injini ya kupachika huinuliwa chombo kikipita juu ya mchanga au matumbawe, nayo haihitaji kutoboa fashini. Ikiharibika hufunguliwa ikapelekwa kwa fundi begani. Kwa boti nyepesi ya kukimbia juu ya maji, sina neno nayo. Lakini zile za mtindo wa zamani zinazochanganyiwa petroli na oili zina aibu moja kubwa. Ndani yake mchanganyiko mpya huingia katika silinda wakati moshi wa zamani unatoka, na sehemu ya petroli mpya hutoka pamoja na moshi kabla haijaungua. Ule utando wa rangi rangi unaouona juu ya maji nyuma ya boti ni fedha yako. Injini za namna hiyo hula kama nusu lita kwa nguvu moja ya farasi kwa saa. Safari ile ile ya saa 8 kwa mwendo wa maili 6 itakula lita 60. Juu ya hayo, rafadha yake ni ndogo na huzunguka mbio, jambo linalofaa chombo chepesi. Nyuma ya mashua ya tani 8 hufanana na mtu anayechota kisima kwa kijiko.

Dizeli ina ubora wake kwa asili ya utengenezaji wake. Mjerumani Rudolf Diesel alipoipima injini yake huko Augsburg mwaka 1897, iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, wakati mashine nyingi za mvuke za zama zile zilikuwa zikipoteza karibu sehemu tisa katika kumi. Siri yake ni kwamba hushindilia hewa peke yake mpaka ikawa moto wa kutosha kuyawasha mafuta bila plagi, na mafuta hupuliziwa kwa kadiri ya kazi iliyopo. Mwaka 1912 meli ya Selandia ya Denmark ilivuka bahari kuu kwa dizeli, na mwaka 1933 Wajapani wa Yanmar wakatoa injini ndogo ya namna hiyo inayoweza kukaa katika mashua ya mvuvi. Ndizo hizi ambazo wajukuu zake tunawasikia wakikohoa alfajiri katika bandari zetu.

Tukaenda Kariobangi, kijana na mimi, siku ya Jumamosi. Vijana wa Eastlands wamezoea kupima gari kwa mlio. Anayepanda matatu za Buruburu anajua ninachosema. Muuzaji aliiwasha ile injini ya lori, ikanguruma, na uso wa mwenzangu ukachangamka. Nami kwa kweli nilivutiwa pia. Lakini niliuliza mambo niliyokuwa nimeyaandika katika kikaratasi. Je, nguvu hizi 100 ni za mizunguko mingapi kwa dakika? Ni nguvu za kukimbia muda mfupi au za kufanya kazi kutwa nzima? Giaboksi ya baharini iko wapi, na hupunguza mizunguko kwa kiasi gani? Itapozwa na nini, maji ya chumvi yakipita ndani ya chuma moja kwa moja, au bomba la maji baridi lililozungushwa chini ya chombo? Muuzaji hakuwa na jibu ila la kwanza: mizunguko 4,000. Akaongeza, "Shekhe, hii ni kazi ya fundi wa huko kwenu."

Nilimwomba aizime, tuiache ipoe, kisha aiwashe tena. Injini iliyowashwa kabla mnunuzi hajafika huficha maradhi yake. Ilipowaka ikiwa baridi ilitoa moshi wa buluu usiokwisha, alama kwamba inaunguza oili yake yenyewe. Moshi mweusi ungekuwa alama ya mafuta yasiyoungua sawasawa, na ule mweupe unaodumu hata baada ya injini kupata moto ungetutia shaka ya maji kuingia ndani. Tulichomoa kijiti cha oili. Hakikuwa na ule weupe wa maziwa unaoonyesha maji, jambo hilo lilikuwa jema lake. Sikumlaumu muuzaji, yeye anauza injini za lori, na kwa lori huenda ilikuwa na miaka iliyobaki.

Njiani kijana alileta hoja ambayo si ya kipuuzi. Alisema, "Shekhe, na nikiinunua lakini nahodha akaiendesha polepole, si itakula kidogo vile vile?" Jibu ni kwamba itakula kidogo kuliko ikikimbizwa, lakini si kidogo kama ile ndogo. Injini kubwa isiyopewa kazi haipati joto lake, mafuta hayaungui yote, masizi hujaa katika nozeli na pete za pistoni, na nguvu nyingi huliwa na injini kujizungusha yenyewe. Fundi mmoja aliyezoea injini za baharini alinikadiria lita 4 na nusu kwa saa mahali ambapo ndogo ingekula 3. Kwa safari ya saa 8 hizo ni lita 12 za ziada. Kisha nikamuuliza kijana, ni nahodha gani aliyepewa farasi 100 akaridhika kutembea na 15?

Tulichokitafuta basi ni dizeli ya baharini yenye nguvu za farasi 30 hivi, zikiwa ni nguvu za kazi ya kutwa. Kwa mwendo wa maili 6 hutumia nusu ya uwezo wake, kwa maili 7 robo tatu, na hapo ndipo injini ya dizeli huwa na raha na hula kwa adabu. Kilichobaki ni akiba ya siku za kusi, upepo ukiwa usoni na bahari imechafuka, au siku ya kumvuta mwenzako aliyeharibikiwa. Giaboksi yake iwe ya kupunguza mizunguko, tatu kwa moja ikipatikana, ili izungushe rafadha pana kwa utaratibu. Rafadha kubwa inayozunguka polepole husukuma maji mengi bila kuyapasua, na watu wengi hutumia mamia ya maelfu kununua injini kisha wakaokota rafadha yoyote sokoni, wakaharibu kila walichokilipia. Kuhusu maji madogo, tulikubaliana rafadha ikae nyuma ya mkuku ulioongezwa kipande cha mbao ngumu chini yake, chombo kikigusa kiguse mbao kwanza. Nahodha aliitikia kwa shingo upande.

Bei ndiyo iliyotukaba. Ile ya baharini, iliyotumika lakini nzima, ilizidi ya lori kwa fedha nyingi. Badala ya kubishana kwa shilingi, niliigeuza tofauti ile kuwa dizeli, kwa bei ambayo EPRA huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi. Ilitoka lita 2,700. Nahodha husafiri mara 15 kwa mwezi bahari ikiwa njema. Ikiwa injini ya lori ingeendeshwa polepole, ziada ya lita 12 kwa safari ni lita 180 kwa mwezi, na tofauti ya bei ingerudi baada ya miezi 15. Ikiwa ingekimbizwa, ziada ya lita 18 ni 270 kwa mwezi, ingerudi baada ya miezi 10. Ukiondoa miezi ya kusi kali, wakati chombo hulala zaidi ya kinavyosafiri, sema mwaka na nusu hadi miwili. Ile ya kupachika sikuihesabu kwa njia hiyo. Ziada yake ya lita 36 kwa safari ilitosha kumfanya nahodha mwenyewe aache kuitaja. Hata hivyo visiwani lita hupatikana ghali zaidi ya vile inavyotangazwa, kwa kuwa huvushwa kwa madumu, na dumu likipita mikono mitatu huenda likachanganywa na mafuta taa. Dizeli ya namna hiyo huua pampu na nozeli, basi ni wajibu kuichuja na kununua kwa mtu mwaminifu.

Kuhusu fatwa waliyoniomba, niliwaambia kwamba akiba ya mayatima yaweza kuchangia kwa kiasi cha mafungu yao 21 katika 40, na isizidi hapo hata kwa shilingi moja, na kwa injini hii tu. Kwa ile ya lori nisingeidhinisha, kwa kuwa wasii angekuwa amejipunguzia gharama yake ya leo kwa kuwatwisha wao gharama ya kila siku. Muuzaji alikuwa tayari kupokea kwa awamu. Tulimtaka ataje bei moja isiyobadilika hata malipo yakichelewa, akakubali, ikaandikwa mbele ya mashahidi wawili.

Na kuna mengine mawili ambayo hayana bei kubwa. Chombo kilichoganda chaza na magugu chini huvuta maji kama mtu anayetembea na kanzu iliyolowa. Mashua ile haikuwa imepandishwa pwani kuchomwa makuti na kupakwa deheni tangu marehemu alipougua. Na tanga lisitupwe. Vijana siku hizi wakipata injini huukata mlingoti wakaufanya boriti ya jiko. Upepo ukiwa ubavuni, tanga dogo likisaidiana na injini iliyopunguzwa, chombo hushika mwendo ule ule kwa mafuta machache, na injini ikifa baharini mabaharia wana njia ya kurudi.

Injini ilisafirishwa kwa lori mpaka Mokowe, ikavushwa. Fundi aliitoboa fashini kwa siku mbili na kuilaza injini sawasawa na shafti kwa siku nne, kwani shafti iliyopinda kidogo tu hula nguvu na kuvunja vikombe vyake. Kabla ya kazi nilimwomba nahodha aipime kwa njia ya kienyeji: ajaze tangi hadi shingoni siku ya maji mafu, aende saa moja kwa mizunguko ile ile bila kuigusa, arudi kwa njia ile ile ili mkondo usimdanganye, kisha ajaze tena kwa kipimo cha lita na kuandika. Kwa saa mbili iliingia lita 6 na robo.

Safari ya kwanza ya kazi ilikula lita 27, si 24. Nahodha alinipigia simu mwenyewe, akakiri kwamba wakati wa kurudi aliisukuma mpaka maili 7 ili ayawahi maji kabla hayajapwa. Mjane ameifungulia injini daftari la shule la binti yake, na kila safari ina mstari wake: tarehe, saa, lita, kilo za samaki. Alinisomea ukurasa wa kwanza mzima kwenye simu, na ile lita 27 alikuwa ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu.